Komeo Liwe Upande Gani

Benchi letu ni ubao wa kabati lililovunjika, umekalia matofali na kuegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea. Hapo ni katikati kabisa ya mtaa. Ukipanda unafika kwenye nyumba za zamani na barabara ya lami. Ukishuka unafika kwenye vyumba vipya vya kupanga, kila chumba na lugha yake, kila mlango na namna yake ya kusali, halafu unakutana na daraja jipya linalokutokeza upande wa viwandani. Kahawa anauza Shangazi, jiko lake mbele ya benchi, na sheria ya kijiwe ni moja tu: anayemaliza birika ndiye anayelibeba kulipeleka chini, nyumbani kwa Shangazi, likajazwe. Hakuna mkubwa wala mdogo. Siku ninayoisimulia kulikuwa na alama ya chaki chini ya jiko la Shangazi na nyingine kwenye ukuta wangu, na mimi nilikuwa nimeamka na hasira zangu.

Alama hizo alizichora fundi wa kuchomelea vyuma. Jumapili mtaa mzima ulikutana mbele ya kibanda changu, juu na chini, kwa sababu ya wizi. Mwalimu Nukta alikuwa ameibiwa mtungi wa gesi. Taarifa ameibiwa pasi. Mama mmoja wa vyumba vya chini alikwenda kuanua nguo akakuta kamba tupu, na kamba yenyewe imekatwa nusu. Basi ikapendekezwa tujenge geti katikati ya mtaa, lifungwe jua likizama, na mchana liwe na mlinzi wa kuwauliza watu wanakwenda kwa nani. Wote wakanyoosha mikono. Sijawahi kuuona mtaa huu ukikubaliana namna ile, hata maji yalipokatika. Mimi sikunyoosha. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi, lakini hata ningekuwa nimekaa bure nisingenyoosha, na nilisema hivyo kwa sauti. Nikaambiwa ninyoe watu, niache siasa.

Sasa walikuwa wamekaa wanakunywa, wameridhika na nafsi zao. Mwalimu Nukta ni mwalimu mstaafu, anaishi juu, na jina hilo kalipata kwa sababu akimaliza kusema husema “nukta” ili usiongeze lako. Winchi hubeba makabati ya duka la samani, naye anaishi juu, na mkono wake mmoja unatosha kuwa paja langu. Taarifa ni fundi cherehani, anaishi chini. Redio yake haizimwi, ila kelele za cherehani humfanya asikie habari nusu, na nusu iliyobaki huishona mwenyewe.

Nikawauliza, kwa nia mbaya kabisa, huyo mlinzi atamjuaje mwenyeji na atamjuaje mgeni.

— Mwenyeji anajulikana, akasema Mwalimu. Ni yule aliyekuwa hapa kabla ya nguzo za umeme. Nukta.

— Mimi nimekuja baada ya nguzo, akasema Winchi.

— Wewe ni wa baada ya nguzo lakini wa kabla ya mita.

Winchi hakupenda kuwekwa kwenye fungu la pili. Akasema uenyeji si wa kukaa tu, maana hata jiwe linakaa. Yeye kila kabati la mtaa huu kalipandisha kwa mgongo wake, kila kitanda, kila friji, na anazijua nyumba zote kwa uzito. Aliapa kwamba akifungwa macho, akapewa meza ainue, atataja ni ya nani. Kwa hiyo mwenyeji ni mtu ambaye Winchi amewahi kumbebea kitu, na asiyebebewa alale nje.

Taarifa akaweka kikombe chini.

— Mama yangu mzazi nimemzika hapa, kwenye makaburi ya juu kule, karibu na tangi. Anayeniita mgeni akamuulize yeye.

Hapo kila mtu akapuliza kahawa yake ingawa ilishapoa. Taarifa mwenyewe akaona amelitia baridi benchi, na kwa kuwa ni mtu mwema akaligeuza kuwa masihara. Akasema kasikia redioni kuna miji ambako mageti yanasoma macho ya watu. Sisi uwezo huo hatuna, lakini uzi tunao. Yeye atashona uzi mwekundu ndani ya kola ya kila mwenyeji, mlinzi kazi yake iwe kugeuza kola tu. Mwalimu akamkumbusha kwamba wezi wenyewe wanaiba nguo kambani, kwa hiyo tutakuwa tumewagawia vibali. Yeye alitaka imla. Mtu akifika getini asomewe sentensi aiandike, akikosea arudi alikotoka. Winchi, ambaye yeye na shule waliachana mapema, akauliza na aliyebeba kabati aandike kwa mkono upi. Mwalimu akafikiri, akasema wenye mizigo watapewa imla fupi.

— Tuweke mizani, akasema Winchi. Mtu apimwe akiingia, apimwe akitoka. Akizidi uzito, ameiba.

— Na akinywa maji humo ndani? akauliza Taarifa.

— Asinywe.

Mimi nikasema yote hayo ni kazi bure. Nitawanyoa wenyeji wote duara dogo kisogoni, na nywele zikiota uenyeji umekwisha, waje tena kibandani. Nilikuwa nawadhihaki. Mwalimu akaitikia kwa kichwa na kuuliza kama wenye vipara watasamehewa. Nikakata tamaa na binadamu.

Muda wote huo Shangazi alikuwa kimya, anapepea makaa. Nami nilijua kwa nini, na wao walijua, ila walikuwa wameamua kutojua. Mumewe, Mzee Vigae, yuko kitandani kule chini tangu alipoanguka na ngazi akitandaza vigae kwenye ukuta wa watu. Kiuno hakisikii, miguu haisikii. Mtu wa hivyo asipogeuzwa mara kwa mara mgongo unafanya vidonda, na vidonda vya mgongo vikishaingia ndani si vya mchezo. Ndiyo maana Shangazi alipachagua mahali hapa katikati. Akimimina vikombe, anashuka mbio, anamgeuza mzee, anapanda tena, na sisi tunamlindia birika. Hakuna aliyewahi kunywa bila kumwambia. Mara moja kwa siku, kabla ya adhuhuri, mzee anainuliwa kabisa ili aogeshwe na shuka libadilishwe, na kazi hiyo Shangazi haiwezi peke yake. Anashuka naye Winchi. Huyu huyu Winchi wa mizani.

Mkutanoni Shangazi aliuliza na yeye atapitaje. Wakamwambia asijali, yeye anajulikana. Akauliza na mlinzi akibadilishwa. Wakamwambia asijali. Akauliza na usiku. Wakasema mambo madogo yatazungumzwa baadaye, ila alisogeze jiko kidogo tu, maana nguzo ya katikati itakuja pale pale. Sijui kama umewahi kuambiwa kwamba mgongo wa mumeo ni jambo dogo mbele ya watu unaowamiminia kahawa kila siku. Mimi nilimsikia akiambiwa tu, na bado nina hasira.

Fundi wa geti akafika, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, futi ya chuma mkononi, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kikasha. Hakuwa mtu wa mtaa wetu. Akasalimia vizuri, akamwamkia Mwalimu, akamwomba Shangazi asogeze jiko apime.

— Pima hapo hapo lilipo, mwanangu.

— Nguzo inakaa hapo, Mama.

— Nimeona. Na jiko linakaa hapo. Lina moto.

Fundi akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama pembeni. Basi akaamua apime upana kwanza, mengine baadaye. Akaomba mtu amshikie ncha ya futi kwenye ukuta wangu. Mimi nikajifunga mikono kifuani. Mwalimu akainuka mwenyewe, akaishika ncha juu ya ile alama ya chaki, na fundi akavuta mpaka ng'ambo, akakifunga kikasha kwenye bomba la maji kwa waya. Futi ikakatiza mtaa mzima, usawa wa kifua. Akamwonya Mwalimu asiachie hata kidogo, kwa kuwa ile futi ni mpya na ikijirudisha haina adabu. Kisha akatoa kalamu sikioni na kuuliza kitu cha kawaida kabisa, kama mimi ninavyomuuliza mteja anataka kipara au apunguziwe.

— Komeo niliweke upande gani?

— Komeo linakaa ndani, akasema Mwalimu. Hilo nalo la kuuliza?

— Ndio, Mwalimu. Ndani ni upande upi?

— Kule, wakasema Winchi na Taarifa kwa pamoja.

Winchi alikuwa ameonyesha juu. Taarifa alikuwa ameonyesha chini.

Wakatazamana, mikono bado iko hewani. Ndipo nikaelewa umoja wote ule wa Jumapili ulitoka wapi. Watu wa juu walinyoosha mikono wakijua wezi wanatoka chini, wanakotoka wageni. Watu wa chini walinyoosha mikono wakijua wezi wanatoka juu, wanashuka kutoka barabara ya lami. Mtaa mzima ulikubali geti na kila mtu alikuwa ndani, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba huko nje walikofungiwa watu ni nyumbani kwa jirani yake aliyekaa naye benchi moja.

— Yaani mlitaka kutufungia sisi? akasema Taarifa.

— Na nyie mlitaka kumfungia nani? akasema Winchi.

— Wezi.

— Wezi ndio mimi?

— Mimi pasi yangu iliondoka na miguu ya nani? Iliondoka yenyewe?

Sauti zikapanda. Taarifa akasema watu wa juu wanakunywa kahawa ya chini, wanashonewa nguo na watu wa chini, halafu wanakunja pua. Winchi akasema hajawahi kukunja pua, na kama angekunja Taarifa angejua. Mwalimu, ambaye hakuweza kuondoka ukutani, alikuwa anatoa hotuba kwa mkono mmoja. Alisema mkutano umepita, kura zimepigwa, geti litajengwa, na komeo liwe juu kwa sababu juu ndiko mtaa ulikoanzia. Taarifa akasema likiwekwa juu atakuja kulikata kwa mkasi wake wa kitambaa. Fundi, masikini, akataka kusaidia. Akasema anaweza kuweka makomeo mawili, kila upande na lake.

— Sawa, hapo ni haki, akasema Mwalimu.

— Ila mjue, akasema fundi, mkifunga yote mawili, wa huku hatoki na wa huku haingii mpaka wote wawili mkubaliane kufungua.

Shangazi akaweka kipepeo chini. Akafunga kanga yake upya kiunoni, bila haraka, na mimi nikazima mashine ya kunyolea ingawa mteja aliyekuwa kitini nilikuwa nimemnyoa nusu kichwa.

— Winchi, mwanangu. Saa ya mzee imefika. Lakini kabla hujainuka nikuulize. Komeo likiwa upande wako, utakuwa unashuka kumwinua? Likiwa upande wangu, nitamwacha mzee peke yake nije kukufungulia? Na likiwa pande zote mbili?

Winchi akatazama viganja vyake.

— Ukishindwa kunijibu mimi, kamjibu yeye. Yuko macho. Na wewe Mwalimu, kila asubuhi unaoga juu ya mikono ya mume wangu. Vile vigae vya bafuni kwako alivitandaza yeye, akiwa mgeni, mwezi wa kwanza tulipofika. Hukumsomea imla.

— Shangazi, hili si jambo la mtu mmoja, akasema Mwalimu. Ni la mtaa.

— Mimi ndio mtaa. Na jiko haliondoki. Anayetaka geti alijenge juu ya makaa yakiwa yanawaka, na mimi nitaendelea kumimina.

Hakupaza sauti. Akaanza kushuka bila kugeuka nyuma, na Winchi alikuwa ameshasimama, nadhani miguu iliamua kabla yake, imezoea. Akafika kwenye futi, akainama akapita chini yake, akamkimbilia Shangazi. Mimi nikawasha mashine, nikamalizia nusu ya kichwa iliyobaki.

Benchi likabaki na Taarifa na yule fundi, ambaye alikuwa hajui tena kazi yake ni ipi. Akaketi. Akaona birika, akajimiminia, na kwa bahati yake mbaya likatoka tone la mwisho. Taarifa akamweleza sheria. Fundi akacheka, akasema yeye si wa kijiwe hiki.

— Umekaa hapo ulipokaa?

— Nimekaa.

— Umekunywa?

— Nimekunywa.

— Basi shuka. Mlango wa kijani baada ya duka la mkaa, useme umetumwa na benchi.

Fundi akaangalia futi yake, akamwambia Mwalimu aishikilie pale pale, atarudi sasa hivi. Akachukua birika akaenda.

Sasa picha ilikuwa hii. Mwalimu Nukta amesimama ukutani kwangu ameshika ncha ya futi, na ile futi imekatiza mtaa. Akaja mama mmoja kutoka chini, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, hawezi kuinama. Akasimama. Akasema samahani kwa lafudhi ya mbali sana. Mwalimu akainua futi, mama akapita, akaishusha. Akashuka msichana wa kazi wa nyumba ya juu na kapu la nguo. Akainua, akashusha. Akapanda mzee wa vyumba vya chini anayesukuma baiskeli ya mayai. Huyo kipindi chake kilikuwa kirefu kwa sababu mayai hayaharakishwi. Mwalimu akabadilisha mkono.

— Mwalimu, nikamwita kutoka kibandani. Mbona huwaulizi wanakwenda kwa nani?

Akainua futi, akampitisha mwingine.

— Mama wa ndoo alikuwepo kabla ya nguzo?

— Kinyozi, nyoa watu.

Taarifa akaongeza sauti ya redio yake ya mfukoni. Watoto wa shule wakashuka kwa kundi, wanazomeana kwa lugha ambazo nyingine mimi sizijui, wakaona futi, wakaona mchezo. Wakapita chini yake, wakarudi, wakapita tena, mpaka Mwalimu akatoa ile sauti yake ya darasani, nao wakakimbia wakicheka. Alikuwa anatoka jasho. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka mkutano, nikaacha.

Winchi akarudi wa kwanza, mikono bado ina maji ya kuogeshea. Akapita chini ya futi akaketi, ila safari hii akaketi mwisho wa benchi upande wa chini, karibu na Taarifa, wakabanana. Akasema mzee leo amecheka. Akasema na yeye ameuondoa mkono wake wa Jumapili, ahesabiwe hajanyoosha, na anayetaka kubisha aje wabishane wakiwa wamebeba kabati. Taarifa akasema wake pia ameushusha, pasi atanunua nyingine.

— Kura haiondolewi, akasema Mwalimu kutoka ukutani.

Winchi akajifuta mikono kwenye suruali.

Kisha akapanda Shangazi na birika limejaa, na nyuma yake fundi kabeba gunia la mkaa alilotwishwa njiani, sijui kwa sheria ipi. Shangazi akafika kwenye futi akasimama. Haikuwa chini sana, wala yeye si mtu wa kushindwa kuinama. Alisimama tu, birika linatoa mvuke, akimtazama Mwalimu. Mwalimu akainua futi kidogo. Shangazi hakusogea. Akainua zaidi, mpaka usawa wa uso. Hakusogea. Akainua kwa mikono yote miwili mpaka juu kabisa ya kichwa, shati likatoka kwenye suruali, na hapo Shangazi akapita amesimama wima, akaketi kando ya jiko lake, pale pale penye alama ya chaki. Akapanga vikombe. Akammiminia Winchi, akammiminia Taarifa, akanipitishia mimi dirishani, akammiminia na fundi.

— Na mimi, Shangazi, akasema Mwalimu. Mikono bado iko juu.

— Kikombe hiki hapa. Achia hicho, uje.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Nilitegemea aseme nukta. Hakusema. Aliachia, na ile futi ikapiga mluzi kukatiza mtaa, ikajirudisha ndani ya kikasha chake kule kwenye bomba kwa kishindo, kuku wa jirani wakaruka. Akaja akaketi katikati ya benchi, hapo palipobaki, akapokea kikombe kwa mikono yote miwili.

— Mwalimu, si nilikuomba usiachie? akasema fundi. Nilikuwa sijasoma namba. Inabidi tupime upya.

Akaenda ng'ambo, akakaza waya wa kikasha kwenye bomba, akavuta ncha ya futi mpaka katikati ya mtaa, akasimama nayo mkononi akitutazama.

— Nani atanishikia upande wa pili?

Sote tulikuwa na vikombe mikononi. Shangazi akachochea makaa.